Kifaransa Kilipomtoka Séraphin

Alphonsine alipokubali kuolewa na mwalimu Séraphin, mama yake, Georgette, alimuuliza jambo moja tu.

"Mutasemezana namna gani?"

Hakuuliza dini, kwa sababu bwana harusi alikuwa Mkatoliki. Hakuuliza tabia, kwa sababu mtaa mzima wa Kikula ulimjua kuwa mtu mpole. Lakini Séraphin alitoka Haiti, nchi ya visiwani ng'ambo ya bahari, na baada ya miaka kadhaa katika mji wa Likasi, Katanga, Kiswahili chake kilikuwa bado kinaishia kwenye "yambo" na majina ya mboga sokoni. Alphonsine naye alikuwa amesoma kwa masista miaka michache, akatoka na Kifaransa cha sala na cha kushona.

"Tutasema Français," alimjibu mama yake. "Atanifundisha."

Na kweli alimfundisha. Séraphin alikuja Katanga pamoja na walimu wengine wa kwao muda mfupi baada ya uhuru, Wabelgiji walipoondoka na shule zikabaki na madawati matupu. Alipenda kusimulia siku aliyoshuka kwenye treni. Alikuwa amevuka bahari na nusu ya bara zima, mtu aliyezaliwa karibu na mji mdogo wa Jacmel, mtoto wa mchukuzi wa magunia ya kahawa. Akamuuliza njia mtu wa kwanza aliyemwona stesheni ya Likasi, mtu huyo akamjibu kwa Kifaransa. Kila alipofika hapo katika hadithi yake, sauti ilimbadilika. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba ukiwa na lugha hii utashuka Dakar, utashuka Bruxelles, Saigon, Québec, Port-au-Prince, na hutakuwa mgeni. Aliamini kabisa. Wakati serikali ilipopiga marufuku majina ya Kizungu, na Alphonsine kwenye kitambulisho akawa Mwewa, Séraphin, ambaye aliachiwa jina lake kwa kuwa ni mgeni, alicheka kidogo: tangazo lenyewe la kukataza majina ya Kifaransa lilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya commune likiwa limeandikwa kwa Kifaransa.

Nyumbani kwake, nyumba ya matofali waliyopewa na shule, ilisemwa lugha moja. Binti yao Colette alipozaliwa, Séraphin alisema mtoto asichanganyiwe. Hakufoka. Hakuwahi kufoka. Ila mtu akitamka neno la Kiswahili mezani, aliweka kijiko chini na kungoja, uso umekunjamana kama mtu mwenye jino bovu, mpaka neno lile lirekebishwe. Alphonsine alizoea. Akitaka kuimba nyimbo za Kiswahili za kanisani, alitoka na beseni la nguo akaenda kufulia nyuma ya nyumba.

Georgette alikuja mara moja moja kutoka Kikula. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono mapajani, na Colette akamsalimia, "Bonjour, grand-mère," kisha wote wawili wakanyamaza.

"Mutoto wako ananiogopa," alimwambia binti yake siku moja wakiwa mlangoni.

"Hapana, Mama. Papa yake hapendi tuseme luga yetu mu nyumba."

"Na yeye kwabo banasema nini?"

Alphonsine alikuwa amekwisha kumuuliza mumewe swali hilo, zamani, mwaka wa kwanza wa ndoa. Séraphin alijibu kwamba kwao watu husema Kifaransa. "Hata mama yako?" Alphonsine alimuuliza. "Mama yangu hakusoma," Séraphin alisema, akainuka mezani. Tangu hapo Alphonsine hakumuuliza tena.

Mwaka 1975, mvua zilipoanza, Séraphin alianguka darasani. Ilikuwa asubuhi, baada ya bendera kupandishwa na nyimbo za chama kuimbwa. Alikuwa ubaoni, anaandika, akaacha katikati ya sentensi na kubaki ameshika chaki. Wanafunzi walidhani anawapima waimalizie wenyewe. Mmoja akanyoosha mkono. Ndipo mguu wa kulia ukakunjika na mwalimu akaenda chini pamoja na meza.

Hospitalini walisema mshipa wa kichwani umepasuka. Mkono wa kulia ulikufa, mguu wa kulia ukafa, na kwa siku nyingi mdomo haukutoa kitu. Alphonsine aliacha biashara yake ya bitoyo, samaki wa chumvi aliowauza sokoni Kikula, akalala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mumewe. Alimsemesha kutwa nzima kwa Kifaransa, polepole, akitamka kila neno vizuri kama alivyofundishwa.

Sauti iliporudi, ilirudi na maneno ambayo Alphonsine hakuyajua. Yalikuwa yanafanana na Kifaransa kwa mbali, kama mtu anayefanana na ndugu yako lakini ukimkaribia si yeye. Daktari, kijana wa Likasi aliyesomea Ubelgiji, alimwonyesha Séraphin kikombe, akamwonyesha saa, akamuuliza jina lake. Séraphin alimtazama kwa woga na kusema maneno yale yale mawili. Daktari alimwambia Alphonsine kwamba ubongo ukiumia hutoa sauti tu, zisizo na maana, asihangaike kuzitafuta.

Kisha akaja préfet, mkuu wa shule, mtu ambaye kabla ya majina kubadilishwa aliitwa Firmin. Alikuwa amevaa abacost mpya ya kijivu, ile suti isiyo na tai iliyoagizwa na chama. Aliketi, akamshika mgonjwa mkono, akamsalimia kwa Kifaransa kizuri, na Séraphin akaanza kulia. Préfet alimwita Alphonsine kwenye ukumbi, akamwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyenne, mtu huyu alitufundisha sote kusema. Hata mimi alinisahihisha. Sitaki wanafunzi wamsikie akibwabwaja hivi. Ukimpeleka nyumbani, usiruhusu wageni."

Alimpeleka nyumbani. Hakuruhusu wageni.

Siku zile za nyumbani ndizo zilizomchosha kuliko hospitali. Kila alipoingia chumbani na kusema "Bonjour, mon ami," akamuuliza kwa Kifaransa amelalaje, Séraphin alijivuta ukutani kwa upande ule mmoja uliobaki na nguvu, akaingiza mkono wake mzima chini ya shuka, akasema, "Padon, mèt." Alphonsine alisikia "Pardon, mettre." Samahani, weka. Alifikiri anasikia baridi na anaona haya kuomba. Basi aliweka. Akaweka blanketi, akaweka na la pili, akaweka mto mgongoni, akafunga dirisha, huku joto la mvua limejaa chumbani na jasho linamtiririka mgonjwa. Naye Séraphin akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Padon, mèt," na Alphonsine akatafuta kitu kingine cha kuweka.

Alimuuliza Colette, ambaye wakati ule alikuwa anaingia miaka kumi, kama yeye anaelewa.

"Ni Kifaransa kibaya," Colette alijibu kwa Kifaransa, macho chini. Alikuwa anamwonea baba yake aibu, na alikuwa anajionea aibu kwa kumwonea aibu.

Georgette alikuja kusaidia kumwogesha. Alipomimina maji kwenye beseni, Séraphin aligeuza kichwa. "Dlo," alisema. Georgette akamnywesha, naye akanywa kikombe kizima. Jioni, akimimina tena, mgonjwa akasema tena, "Dlo."

"Anaita mayi," Georgette alisema. "Kila mara iko neno moja. Kichaa haisemake vile."

Alphonsine alisimama na taulo mkononi. Alimkumbuka Étienne, mwalimu mwingine wa Haiti aliyesimama upande wa bwana harusi siku ya ndoa yao na ambaye sasa alifundisha Lubumbashi. Kesho yake alimwacha mgonjwa na Georgette, akapanda treni.

Alimkuta Étienne anasahihisha madaftari barazani. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Alimsikiliza Alphonsine kwa heshima mpaka alipomtajia maneno aliyoyashika. Hapo aliangalia ndani ya nyumba, alikokuwa mke wake, halafu akaangalia barabarani.

"Hiyo si lugha, madame," alisema. "Ni maneno ya watu wa mashamba."

"Lakini unayajua."

"Sisi sote tunayajua."

"Basi njoo umsikilize. Hana mtu mwingine."

Étienne alifunga daftari. Mwishoni alisema atakuja Jumamosi.

Alikuja kweli, amevaa vizuri, viatu vinang'aa, na chupa ya divai ya kumzawadia rafiki yake kana kwamba anakwenda kwenye karamu. Aliingia chumbani akasema kwa sauti kubwa, "Séraphin, mon cher, ni mimi." Séraphin alijivuta ukutani. Mkono ukaingia chini ya shuka.

"Padon, mèt."

Alphonsine alimwona Étienne akibadilika rangi. Alikaa kwenye kiti taratibu. Akajaribu tena kwa Kifaransa, pole pole, akitaja mji wao na bahari yao. Séraphin akasema maneno yale yale, na machozi yakaanza kumtoka. Étienne akainuka, akaenda dirishani, akahakikisha limefungwa vizuri upande wa majirani. Kisha akarudi, akainama karibu kabisa na uso wa mgonjwa, akasema kitu kwa sauti ya chini sana.

Uso wa Séraphin ulifunguka. Alphonsine hakuwa na namna nyingine ya kulieleza jambo lile alipolisimulia baadaye. Mkono ulitoka chini ya shuka ukamshika Étienne shati. Maneno yakaanza kutoka, mengi, mbio mbio, na Étienne, mwanzoni akikwama kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba aliyohama zamani, akaanza kumjibu. Alphonsine alitoka akawaachia chumba. Akiwa sebuleni aliwasikia wakicheka. Kicheko cha Séraphin kilitoka tumboni, kikubwa, cha mtu wa barabarani, na Alphonsine alitambua kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kukisikia. Alikaa kwenye kiti cha mumewe na kuona wivu juu ya mtu aliyepooza.

Étienne alipotoka, shati lake lilikuwa limelowa. Hakuigusa ile divai.

"Anafikiri yuko shuleni," alisema. "Kwetu. Ana miaka minane, labda tisa. Madame, kule walitupiga kwa sababu ya lugha ile. Ukitamka neno moja la nyumbani, hata ukimwita mama yako, unanyoosha mkono mbele, wanakupiga kiganjani. Halafu unapiga magoti kwenye kokoto na kuomba radhi."

"Na 'mettre'? Kila siku anasema niweke kitu."

"Si mettre. Ni mèt, mwalimu. Anasema: nisamehe, mwalimu."

"Mwalimu gani?"

Étienne aliangalia viatu vyake. "Yeyote anayemsemesha Kifaransa."

Alphonsine aliyafikiria yale mablanketi.

"Minye," alisema kwa Kiswahili, yaani mimi.

"Hakujui, madame. Usimlaumu. Anasema kuna mwalimu mwanamke anayekuja kila asubuhi na kufunga dirisha." Étienne aligeukia mlango wa chumba. "Na anasema kuna mwanamke mwingine, yuko nje, anaimba akifua nguo. Ameniuliza kwa nini huyo haingii."

Alphonsine alimwomba amfundishe maneno ya kumsemesha mumewe. Étienne alimfundisha machache, kwa haraka, akiyatamka nusu nusu kama mtu anayekabidhi kitu cha wizi: njaa, maumivu, lala, usiogope. Alisema atarudi Jumamosi nyingine amfundishe mengi. Jumamosi ile hakuja, wala zilizofuata.

Tangu siku ile Alphonsine hakumwambia tena Séraphin neno la Kifaransa. Alifungua dirisha. Alitoa mablanketi. Yale maneno machache aliyopewa aliyatumia mpaka yakaisha, na yalipoisha alisema Kiswahili. Alimletea beseni la nguo chumbani akafulia pale pale, sakafu ikilowa, akaimba. Alimsimulia habari za soko, za bitoyo waliooza kwenye gunia, za moshi wa usine, kile kiwanda cha madini, unaokausha mboga za watu, za baba yake aliyefanya kazi kwenye tanuru mpaka mapafu yakamwishia. Séraphin hakuelewa hata neno moja. Lakini mkono wake ulikaa juu ya shuka, na mara nyingine alisinzia huku anamtazama.

Siku moja, Alphonsine akiwa anamlisha bukari, ugali laini kwa mboga ya kisamvu, Colette alisimama mlangoni. Alisikiliza kwa muda. Kisha akaja akapiga magoti kando ya kitanda.

"Papa, usiogope," alisema. "Kula kidogo. Maman ametia sombe, iko muzuri."

Kilikuwa Kiswahili cha Likasi kamili, chepesi, bila kigugumizi. Alphonsine aliacha kijiko hewani.

"Weye ulijifunza wapi?"

"Ku masomo, Maman. Mu récréation, saa ya kucheza. Batoto bote banasema."

"Na hapa mu nyumba?"

"Na hapa pia, na rafiki. Nilikuwa naangalia mulango kwanza."

Alisema bila lawama. Alphonsine aliendelea kulisha. Séraphin alikula kidogo.

Alikufa kabla ya Noeli, mshipa ulipopasuka tena. Asubuhi ya siku ile alikuwa ametulia. Alimwita Alphonsine kwa ishara ya mkono, akamwambia jambo refu, bila woga, kama mtu anayeagiza au anayeshukuru, akakatiza maneno mara mbili kuona kama anaeleweka. Alphonsine aliitikia kwa kichwa. Alijaribu kuyashika maneno yale ili amuulize Étienne, akawa anayarudia kimoyomoyo, lakini baadaye palikuwa na kuosha maiti, na kulia, na kupokea watu, na yakamtoka. Alibaki na neno moja, na hata hilo hakuwa na hakika nalo.

Kaburini préfet alihutubia kwa Kifaransa. Alisema marehemu alikuwa mjumbe wa lugha iliyotuunganisha na dunia nzima, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikosea. Wanafunzi walilia kweli, walimpenda. Étienne alikuwapo, mstari wa mbele. Akapewa nafasi ya kusema, akasema Kifaransa safi kuliko cha préfet, na watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Alphonsine alimfuata alipokuwa anaelekea kwenye gari.

"Hukumwambia hata neno moja la kwenu. Moja tu, la kumuaga."

"Mbele ya wanafunzi, madame?" Étienne alisema. Hakusema kwa ukali. Alionekana kuchoka sana. Alimpa mkono, akaingia garini.

Nyumba ya matofali ilipewa mwalimu mwingine. Alphonsine na Colette walihamia Kikula kwa Georgette, chumba kimoja na uani, na Alphonsine akarudi sokoni. Hakuweka amri yoyote. Lakini mara ya kwanza Colette aliposema Kifaransa ndani ya nyumba ile, Alphonsine aliinuka akatoka nje na hakula chakula cha siku ile. Ikatosha. Colette aliacha. Alikwenda kusomea kwa jirani, au alisoma akifunga mdomo, midomo ikicheza bila sauti. Georgette na mjukuu wake walipiga soga sasa, walichambua mboga pamoja, na Alphonsine aliwatazama akajiambia kwamba angalau hilo limepatikana.

Ilipita karibu mwaka. Siku moja soko lilikatizwa na mvua, akarudi mapema. Aliposukuma mlango alimsikia Colette ndani akisoma kwa sauti, kitenzi cha Kifaransa katika nyakati zake zote, vizuri, kwa lafudhi ile ile ya baba yake. Colette aliposikia mlango alikata neno katikati. Kitabu kilikwenda chini ya kitenge. Alimwangalia mama yake kwa uso ambao Alphonsine hakuweza kuukosea. Alikuwa ameuona kila asubuhi kwa wiki nyingi, ukutani, juu ya shuka.

Aliweka kikapu chini.

"Endelea," alisema.

"Nimemaliza, Maman."

"Haujamaliza. Nimesikia. Soma na sauti."

Colette hakuamini kwanza. Kisha akatoa kitabu, akaanza tena. Alphonsine alikaa kizingitini, mgongo umemwelekea, akaanza kupangusa samaki maji ya mvua. Kila neno lilimchoma. Hakuinuka.

"Anasema nini?" Georgette aliuliza kutoka uani.

"Anajifunza, Mama. Bila hii haitapata diplome."

Colette aliipata. Alikwenda Lubumbashi kusomea ualimu, na barua zake kwa Georgette zilisomwa na jirani, Alphonsine akiwa sokoni. Alphonsine alibaki na bitoyo wake. Wake wa mainjinia walikuwa wanakuja sokoni kwa magari, wanashuka, wanamuuliza bei kwa Kifaransa, na yeye anawajibu kwa Kiswahili. Walidhani hakusoma. Wengine walipaza sauti na kumwonyesha kwa vidole ili aelewe. Aliwafungia samaki wao kwenye gazeti, akawaacha wadhani hivyo.